Vijarida 100 vimekatwa upande wa MGONGO!

Wakuu, mnamjua. Yule wa pale kituoni tunapochapia, anayevaa ufunguo wa gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, shingoni kama cheni. Leo kashusha kisu mgongoni. MGONGONI! Palipokunjwa, palipopigwa pini!

Kurasa 24 za A5, yaani A4 sita zilizokunjwa kati kwa kila kijarida, kava ikiwemo: rimu nzima (karatasi 500) ya gramu 80 kwa mita ya mraba, na karatasi 100 za gramu 160 za kava. Kurasa zimepangwa ubavu kwa ubavu, 24 na 1, 2 na 23, kila jozi jumla 25. Mshale wa penseli wa kuonyesha pa kukata upo juu ya rundo. Kisu mgongoni! Pini zote zimeondoka na utepe wa milimita 4, kurasa zimetapakaa sakafuni kama mtama wa kuku.

Kinachonyolewa ni upande wa kufungulia, jamani! Karatasi sita zikikunjwa pamoja, za ndani zinachungulia nje karibu milimita moja. Hiyo tu! Yeye kakata mgongo!

Gundi_Nyeupe: Pole mkuu. Namba za kurasa zipo? Panga upya, bana kwa mbao mbili, paka gundi mgongoni mara mbili, kava mpya.

Mtoa mada: Pambizo ya ndani ilikuwa milimita 10. Kisu kimekula 4. Gundi ikipita, maneno yanazama. MGONGO, wakuu!

KunjaNne: Nakala ya majaribio iko wapi? Ungeanza na moja, ungepoteza moja. Na rundo la 100 kwa mpigo la nini? Pini zinanenepesha mgongo, rundo linalala upande. Kata kumi kumi. Umejitakia.

Bi Rimu: Afadhali wa kisu. Yule wa printa anaiacha igeuze karatasi kwa upande mrefu badala ya mfupi, kurasa za nyuma zote zinatoka miguu juu.

WinoMbichi: Na kwenye Riso, ile mashine ya kurudufu kwa wino? Wanaweka karatasi ya kung'aa, wino haukauki, halafu wanarudisha upande wa pili papo hapo. Michirizi ya roli kila ukurasa! Karatasi isiyong'aa, ilale usiku mmoja, ndipo igeuzwe.

KunjaNne: Gramu 80 kwa Riso pande zote mbili, wino unaonekana nyuma. Anzieni 100.

Bi Rimu: Tuacheni hayo. Nani kabeba stepla ya mkono mrefu? Ile fupi haifiki katikati ya A4, watu wanapigilia juu ya kadibodi na kukunja pini kwa mpini wa kijiko. Irudishwe kabla ya Jumamosi!