Mliopo Japani: chakula cha kwenye TV na kile mlichowekewa mezani, tupeane uzoefu

Mlalahoi wa Tsukuba
Jana usiku nimekiona tena kipindi cha kusafiri. Mtangazaji anashuka treni ya mashambani, anaingia kwa bibi mwenye aproni, anatafuna mara mbili, macho yanamtoka: "Umai!", yaani tamu! Kwenye kona ya skrini kuna kidirisha cha wasanii wa studio, nao wanashangaa kwa zamu. Wakuu, tiririkeni. Mimi niko Ibaraki, kwenye natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa, nimeshaumia vya kutosha.

Binti Makunduchi
Mimi Fukuoka. Ramen ya Hakata, zile tambi za kwenye supu, wanaionyesha mvuke ukipanda, supu nyeupe nzito, tambi zinavutwa. Hakuna anayetaja kwamba supu ile ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa na masaa. Mjapani anajua tayari. Sisi Waislamu je? Nilishikwa mkono mlangoni na mwenzangu Mmalaysia, Mungu ambariki.

Kijiko
Hapo umenena.

Mgosi wa Otsu
Kaeni chini. Huku Shiga, kando ya Ziwa Biwa, kuna funazushi. Samaki wa ziwani, jike mwenye mayai, anatiwa chumvi kwa miezi, halafu anapangwa na wali kwenye pipa, mawe juu, anaachwa mpaka mwaka au zaidi. Kwenye TV ni vipande vyembamba, mayai rangi ya chungwa, filimbi kwa mbali.

Basi mwaka mpya nikakaribishwa kwenye familia moja, baba mwenye nyumba akafungua pipa lake mwenyewe. Harufu iliingia sebuleni kabla yake. Watoto simu mkononi, wananirekodi, maana wameona kwenye TV kwamba mgeni lazima aruke. Nikatia mdomoni. Uchachu ukapanda hadi masikioni, chumvi ikafuata, halafu jibini kali. Kutema siwezi, kumeza siwezi, machozi hayo! Bibi akapiga makofi: "Kapenda mpaka analia!" Akaniongeza. Mjukuu akaninong'oneza kwamba yeye hajawahi kuionja.

Kijiko
😂😂😂 Mjukuu kakuuza mchana kweupe.

Mla Kona
Sushi iliyooza hiyo, msimpambe.

Mgosi wa Otsu
Mkuu, heshima. Sushi za namna hiyo zilikuwepo kabla ya hizo za Tokyo unazopigia picha.

Mla Kona
Sawa, baki nayo. Natto je? Wajapani wote wanakula, mnalia nini?

Dada wa Namba
Wote wepi? Huku Osaka ninao wafanyakazi wenzangu wasiotaka hata kuiona. TV ya Tokyo ndiyo inawalisha nchi nzima.

Mlalahoi wa Tsukuba
Dada usituletee Osaka. Okonomiyaki yenyewe, ile chapati ya unga na kabichi, mnakoroga kila kitu bakuli moja. Hiroshima wanapanga tabaka kwa tabaka, kabichi, nyama, tambi, yai. Ule ndio ufundi.

Dada wa Namba
Wewe mtu wa Ibaraki, Hiroshima inakuhusu nini?

Kijiko
Mgosi, hiyo funazushi siku nyingine iweke juu ya wali, mwagia chai ya moto. Wenyeji wanaila hivyo.

Mla Kona
Au shushia na sake, pombe yao ya mchele.

Binti Makunduchi
Astaghfirullah. Kataa kwa adabu, sema tumbo.

Mgosi wa Otsu
Tumbo? Bibi atakuletea ile ile, wanasema ni dawa ya tumbo.

Mgeni Kochi
Wakuu, mimi nimealikwa kesho kula katsuo, yule samaki wa jamii ya jodari. Niogope?

Dada wa Namba
Nenda mbio. Anababuliwa kwa moto wa majani makavu ya mpunga, nje kaiva, ndani mbichi, chumvi na vipande vya kitunguu saumu. Ile miali mikubwa ya kwenye TV ni ya kweli kabisa.

Kijiko
Kitunguu saumu chenyewe kibichi. Jumatatu usikae karibu na profesa.