Nikipiga magoti tu, akili inahama. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Wawili:
Wakuu, heshima zenu. Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza nafaka sokoni, tumepanga chumba na sebule huku Mbagala. Tangu Januari nimejiwekea kuamka saa kumi alfajiri nisali kabla watoto hawajaamka. Kuamka naamka. Kazi iko kwenye kusali.

Alamu ni simu, Biblia ni simu. Natafuta Zaburi, kabla sijamaliza mstari wa pili inashuka meseji ya kundi la kikoba (kuna watu kule hawalali). Naifungua nichungulie tu, nikija kushtuka niko kwenye status ya wifi yangu naangalia picha za harusi. Nikiweka simu pembeni, kichwa kinaanza hesabu: gunia la maharage, ada, kodi. Jirani naye singeli haijazimwa tangu jana. Namalizia Baba Yetu mbiombio kama nawahi daladala, halafu siku nzima najiona mnafiki.

Naomba ushauri, matusi hapana.

Kiazi Mbatata:
Uza simu.

Fundi Saa:
Achana na huyo. Ila simu ndiyo mchawi wako namba moja. Nunua Biblia ya karatasi, hata ya mtumba. Simu ilale sebuleni juu ya kabati, data umezima tangu jioni. Alamu ikilia utalazimika kusimama, na ukishasimama usingizi umekwisha. Mathayo 6:6 inasema ingia chumba cha ndani, ufunge mlango. Simu ikiwa mkononi, hujafunga mlango wowote.

Mama Kulwa:
Chumba cha ndani kwenye nyumba ya kupanga kiko wapi, kaka yangu? Someni na Marko 1:35. Yesu alitoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipo watu, na bado Simoni na wenzake wakamfuata na kumwambia, "Watu wote wanakutafuta." Kama Yeye walimkatizia, sembuse sisi wa Mbagala.

Mdogo wangu, mimi natumia kanga. Susanna, mama yao John na Charles Wesley walioanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19, na inasimuliwa kuwa akitaka kusali alijifunika aproni usoni, watoto wakajua mama yuko na Mungu wake. Nami najifunika kanga kichwani pale pale jikoni. Wangu walihitaji kama wiki mbili kuelewa. Siku hizi mkubwa ndiye anawanyamazisha wenzake, tena kwa makofi, hilo bado tunalifanyia kazi.

Katekista Mstaafu:
Unafiki ungekuwa kujisifu unasali vizuri. Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika mwenyewe kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi, maana mawazo yalitawanyika, na kuna nyakati alikuwa akisikilizia saa igonge amalize. Huyo leo ni Mwalimu wa Kanisa, heshima wanayopewa watakatifu wachache tu. Akili ikihama, irudishe polepole kama mtoto aliyetoka nje ya uzio, usiichape. Sali kwa sauti ya chini, midomo isaidie kichwa. Sisi Wakatoliki tuna rozari, vidole navyo vinapata kazi.

Fundi Saa:
Na singeli?

Katekista Mstaafu:
Singeli nenda kaongee na jirani mchana, akiwa ameshakula.

Nipo Kimya:
Mleta uzi, kesho weka daftari na kalamu karibu. Kila wazo likija liandike kwa neno moja, urudi kwenye sala. Baada ya siku tano angalia neno gani limejirudia. Kwangu lilikuwa jina la ndugu niliyegombana naye kwa kiwanja. Nilikuwa nasema "shetani ananivuruga", kumbe ni mimi nalikwepa.

Mama Wawili:
Asanteni sana. @Nipo Kimya, sikuhitaji siku tano. Siku ya pili tu neno lilikuwa "rejesho", mara sita. Nilikopa kikoba bila kumwambia mume wangu.

Mama Kulwa:
Eeh. Basi soma Mathayo 5:23-24, sadaka iache madhabahuni, kwanza uende ukapatane. Mwambie Jumamosi, akiwa ametulia. Usimwambie kwa meseji.

Mama Wawili:
MREJESHO (huu si ule wa kikoba). Nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu, akauliza ni kiasi gani, akatoka nje. Aliporudi akasema tutalipa wote, ila nimemuumiza kwa kumficha. Bado nyumbani hapajachangamka.

Asubuhi ya leo nilikaa na Biblia ya karatasi, kanga kichwani, simu kabatini. Hesabu za maharage zilikuja, nikaziandika, nikaendelea. Nilipotazama saa ya ukutani dakika 20 zilikuwa zimepita, na wala sikuisikia singeli, ingawa ilikuwepo.

Kiazi Mbatata:
Kwa hiyo simu huuzi?