Tupeane uzoefu: Kruza kubwa inarukaruka kwenye foleni, tatizo ni gia, kabureta au mkono?

Bwana Shafti (Tabata, Dar)

Wakuu, habari za majukumu.

Wenye kruza kubwa, zile pikipiki nzito za kukaa chini, tukutane hapa: DragStar, Shadow, Intruder, Vulcan, Harley na ndugu zao. Habari za kutembea 110 kwenda Chalinze tumeshazisikia, kila mtu anazo. Mimi nataka tuongelee kilomita 10 hadi 30 kwa saa: foleni ya Ubungo, matuta ya mtaani, kipilefti, kugeuka kwenye njia nyembamba na abiria nyuma. Hapo ndipo chombo cha mamilioni kinapoanza kukohoa na kurusha shingo za watu, huku Boxer inakupita na dereva wake anakutazama kwa huruma.

Mimi nina DragStar 1100, kabureta mbili (za kuchanganya petroli na hewa), inavutwa na shafti, yaani chuma kinachozunguka badala ya cheni. Gia ya kwanza ni ndefu, na ya pili chini ya 25 ilikuwa inagongagonga. Fundi wa kwanza aliniambia hizi ndivyo zilivyo, nizoee. Wa pili akasema tubadilishe spoketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Nikamuuliza spoketi ipi kwenye shafti, akaomba maji ya kunywa.

Kilichonisaidia ni kabureta. Pikipiki ya mtumba inakaa muda mrefu haijawashwa, kule ilikotoka, melini, halafu yadi. Petroli inakauka na kuacha gundi kwenye jeti (vitundu vya kupitisha petroli) za slo, yaani mzunguko wa injini usipogusa resi. Mafundi wengi wanafungua, wanasafisha jeti kubwa, wanapuliza, wanafunga. Sasa kwenye mwendo wa foleni resi imefunguka kidogo tu, karibu mafuta yote yanapita njia ya slo, hiyo jeti kubwa bado haijaanza kazi. Tulisafisha njia za slo mpaka hewa ikapita bila kusitasita, tukabadilisha raba za manifodi (zinazounganisha kabureta na injini) zilizokuwa zimepasuka na kunyonya hewa pembeni, kisha tukasawazisha kabureta mbili kwa geji za vakyumu ili silinda moja isimbebe mwenzake. Slo tukaiweka kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika. Rukaruka imepungua sana. Gia ya kwanza bado ni ndefu vilevile.

Ukichangia, sema pikipiki yako inavutwa na nini (cheni, mkanda au shafti), ulibadilisha nini, na ulipoteza nini. Hilo la mwisho usilifiche, humu ndani watu tunapenda kusifia tu.

Fundi wa Nyakato (Mwanza)

Mkuu, huyo fundi wa pili usimcheke, kazoea cheni. Sisi huku tunashinda na bodaboda, lakini hesabu ya meno haijui kama hiyo ni Boxer au Shadow.

Ukitoa jino moja mbele, yaani ukafunga spoketi yenye meno pungufu, tuseme kutoka 16 kwenda 15, injini inazunguka karibu asilimia 7 zaidi kwa mwendo uleule. Ukitaka kiasi hichohicho upande wa nyuma, itabidi utoke 45 uende 48. Spoketi ya mbele ni bei ndogo na inabadilishwa haraka, ndiyo maana kila mtu anaanzia huko. Shida ni kwamba ukiendelea kupunguza, cheni inakunjwa kwenye duara dogo, pini zinachoka mapema, na kwenye baadhi ya pikipiki inaanza kula ile raba iliyowekwa kulinda uma wa nyuma. Mteja akitaka jino moja natoa mbele. Akitaka zaidi ya hapo namwambia anunue ya nyuma.

Kabla hujalipa, angalia nafasi ya kurekebisha cheni. Kwa cheni za saizi 520, 525 na 530, kila jino unalopunguza linataka gurudumu lirudi nyuma kama milimita 4, na kila jino unaloongeza linalivuta mbele kiasi hicho. Meno matatu nyuma ni milimita 12, kuna pikipiki hazina nafasi hiyo, unajikuta unanunua na cheni mpya. Spidomita nayo: kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, haitaathirika. Kama inasoma kwenye gia boksi itakudanganya, itaonyesha mwendo mkubwa kuliko unaoenda.

Ila wakuu, nusu ya wanaonijia na malalamiko ya gia, tatizo ni raba za habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu). Simamisha pikipiki stendi, ingiza gia, shika gurudumu la nyuma ulizungushe mbele na nyuma kwa mkono. Likicheza sana kabla ya kukamata, raba zimekwisha, kila ukifunga na kufungua resi gurudumu linapigwa teke. Mtu ananunua spoketi na cheni seti nzima, anarudi analalamika vilevile.

Na mafuta ya injini. Klachi za pikipiki nyingi zinaogelea kwenye mafuta hayohayo ya injini. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA. Mafuta ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano yanafanya klachi iteleze, halafu unamlaumu fundi.

Mkulima wa Lami (Nairobi)

Hamjambo nyote. Yangu ni Honda Shadow Spirit 750, ya cheni. Nilikuwa naiendesha Mombasa bila neno, nikahamia Nairobi nayo, ikawa nzito kuanza kuondoka, na moshi ukinuka petroli.

Kuna jambo hamjaligusa: mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo pikipiki ileile, gia ileile, imefika huku ikiwa na nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 15. Gia ya kwanza iliyokuwa sawa Likoni ikawa ndefu mno kwenye jam ya Waiyaki Way. Na kabureta haijui umehama. Inaendelea kumwaga petroli ya pwani kwenye hewa nyepesi, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, plagi zinakuwa nyeusi. Zile zenye injeksheni, zinazopulizwa petroli kwa kompyuta badala ya kabureta, zinajirekebisha zenyewe.

Mekanika wangu alipunguza jeti, kisha nikatoa jino moja mbele. Niseme ukweli, hilo jino nililisikia siku ileile. Matuta sasa napita kwa gia ya pili bila kucheza na klachi, na kupanda kutoka Mai Mahiu na mizigo si vita tena. Nilichopoteza ni barabara ya Nakuru: kwenye 110 vishikio vinatetemeka, mkono unakufa ganzi, na petroli inaisha mapema kuliko zamani. Mtu anayesafiri kila wiki asilifanye. Mimi nakaa mjini, kwangu ni faida.

Dada Kilele (Arusha)

Kaka Bwana Shafti, pikipiki yetu ni moja, DragStar 1100. Kabureta safi, sijabadilisha chochote, na nageuka ndani ya upana wa barabara ya mtaa wetu bila kuweka mguu chini. Mimi si mrefu, na chombo kina zaidi ya kilo 260.

Siri ni klachi, breki ya nyuma na macho. Wengi mnaendesha foleni kwa kufungua na kufunga resi, na injini ya V (silinda mbili zilizokaa kama herufi V) haitaki hivyo. Mimi resi naishikilia palepale, juu ya slo kidogo, haipandi haishuki. Mwendo naupanga kwa klachi, nikiiachia mpaka inapoanza kukamata na kuicheza hapohapo. Breki ya nyuma naigusa muda wote, kidogo sana, inaivuta pikipiki ikae imara na gia na shafti zisichezecheze. Breki ya mbele nasahau kama ipo. Usukani ukiwa umekunjwa na unatembea polepole, ukibana ya mbele chombo kinalala, hakuna mjadala.

Macho nayatupa ninakotaka kwenda, nikigeuza shingo mpaka kidevu kinafika begani. Ukitazama jiwe, utalipata jiwe.

Nilijifunza kwenye uwanja wa shule siku za likizo, chupa za maji zikiwa vizuizi, kabla ya kupita Soko la Tengeru siku ya mnada. Sipingi spoketi za kaka zangu, ila mtu ambaye bado hajui klachi yake inakamatia wapi, meno anayonunua ni ya nini?

Mkulima wa Lami (Nairobi)

Dada, nakubali kwa peke yako. Weka abiria wa kilo 90, mlimani, mvua, matatu imesimama ghafla mbele yako. Klachi utaicheza mpaka inuke. Ndiyo maana nikatoa jino.

Dada Kilele (Arusha)

Abiria wa kilo 90 anapanda daladala, mimi namsubiri juu.

Mzee wa Matrah (Maskati)

Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni wa Harley, yenye injini ya Twin Cam, ya mkanda, gia 6.

Wenye Harley wapya nawapa neno moja. Gia ya 6 iliingia kwa Dyna mwaka 2006, na kwa injini kubwa nyingine mwaka 2007. Imewekwa kwa ajili ya barabara kuu, kupumzisha injini. Kijana anaipandisha yuko 70, injini inabanwa, inatikisika, anakwenda kwa fundi kusema pikipiki mbovu. Yakhe, shusha gia mbili. Mimi chini ya 90 siigusi kabisa ya 6. Kwenye ile barabara ya mlima baina ya Bausher na Amerat nashuka kwa ya pili na ya tatu, injini inanishikia, breki zinapumzika.

Pili, kuna mtindo wa kushusha slo ili isikike ule mlio wa kupigapiga polepole, watu wakae kwenye kahawa wasikilize. Unaupenda mlio, lakini pampu ya mafuta ya kulainisha injini inazungushwa na injini hiyohiyo, na chaji ya betri vilevile. Slo ikishuka sana mafuta hayapandi yanavyotakiwa, na huku kwetu joto la kiangazi linapita 45. Kisha ukitaka kuondoka taa inapowaka kijani, inazima katikati ya watu waliokuwa wakikusifu.

Na kuna baadhi ya Harley kubwa za safari ambazo zikichemka sana zikiwa zimesimama, kompyuta inakata silinda ya nyuma ili kupunguza joto. Mlio unabadilika, inakuwa kama inakosa moto. Si ugonjwa huo. Ukianza kuondoka inarudi.

Kubadilisha puli ya mkanda (kwetu ndiyo spoketi) niliuliza, nikaacha. Puli, mara nyingi na mkanda wa urefu mwingine, na kazi ya kufungua upande mzima wa injini. Shilingi kwa ya pili, heri nitumie gia nilizonazo.

Mswahili wa Baridi (Minnesota)

Nawasoma toka mwanzo. Mimi nina Suzuki Intruder 1400, shafti. Za mwanzo zilikuwa na gia 4, baadaye wakaongeza ya 5. Yangu ni ya 4, kwa hiyo pengo kati ya gia na gia ni kubwa.

Kwanza niwaambie kwa nini V inarukaruka. Injini ya V ya nyuzi 45 yenye pini moja ya krenki (silinda zote mbili zinasukuma sehemu moja ya ekseli ya injini), kama yangu au Harley, inalipuka kwa kupishana: nyuzi 315, halafu 405, halafu 315 tena. Ya silinda nne za mstari inalipuka kila nyuzi 180, sawasawa. Kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika yenye silinda nne inapata milipuko 40 kwa sekunde, ya kwetu 20 tu, tena yenye nguvu kubwa na isiyolingana. Ukiibana kwenye gia ndefu unausikia kila mlipuko peke yake mgongoni. Ikipanda kufika 2,000 inatulia. Dawa ya bure ni kushusha gia mapema kuliko unavyodhani.

Mkuu Bwana Shafti, sisi wa shafti tuna njia mbili za kubadilisha urefu wa gia. Moja ni kutafuta difu ya nyuma (gia za kwenye gurudumu) ya pikipiki ndugu yenye uwiano tofauti, na lazima uhakikishe inaingia kwenye meno ya shafti na kwenye gurudumu, si kila ndugu anaelewana na ndugu. Nyingine ni tairi. Wewe na mimi tuna tairi ya nyuma ya 170/80-15, kipenyo chake kwa hesabu ni milimita 653. Ukiweka 160/80-15 unapata 637. Hiyo ni asilimia 2.5 tu. Jino moja la Mkulima ni karibu mara tatu ya hapo. Na tairi ndogo inaweza kuwa na uwezo mdogo wa kubeba uzito, soma namba ubavuni. Nikapiga hesabu, nikaona si thamani ya pesa, nikaacha.

Cha kuchekesha, wenye Shadow 600 za cheni huku wengi wanafanya kinyume chenu. Nayo ina gia 4, na barabara kuu za huku watu wanaenda 70 hadi 75 maili kwa saa, kwa hiyo wanaongeza jino mbele ili injini isipige kelele. Kisha wanalalamika inazima kwenye taa za mjini.

Anachosema Dada Kilele ndicho wanachofundisha kwenye kozi ya waendeshaji wapya huku: klachi pale inapokamata, na kugeuka ndani ya boksi lililochorwa chini. Tahadhari moja tu: klachi zinazoogelea kwenye mafuta zinavumilia. Ukiwa na BMW R 1200 C au Moto Guzzi California za zamani, klachi ni kavu, kama ya gari. Ukiicheza hivyo kwenye foleni ndefu utainusa mwenyewe.

Kijana wa Kigamboni

Wakuu, nimepata DragStar 400, bado ipo yadi. Foleni ya kivuko itanitesa? Naweza kutoa jino?

Bwana Shafti (Tabata, Dar)

Hilo jino hulipati mdogo wangu, hata 400 ni ya shafti, na tairi ya nyuma ni ileile 170/80-15 kwa DragStar 400 Classic. Ila usiogope, injini ndogo haina ile milipuko mizito ya kwetu, tatizo lako litakuwa kinyume: itataka uizungushe, usiibane kwenye gia ya juu kwa sababu tu umeona sisi wa 1100 tunafanya hivyo. Kabla hujalipa, omba waiwashe ikiwa baridi kabisa mbele yako. Iache kwenye slo bila kugusa resi mpaka ipate moto, kisha rudisha choki (ile ya kuwashia injini ikiwa baridi). Ikizima hapo, au ikikaa tu ukiishikilia resi, jua njia za slo zimeziba na kuna kabureta mbili za kufungua. Hiyo gharama ikate kwenye bei, usiibebe wewe.