Naomba ushauri: riale na kigae cha marehemu bibi

Assalaam aleykum ndugu zangu wa Lamu. Marehemu bibi alituachia riale ya Maria Theresa, sarafu ya kale ya fedha, yenye mwaka 1780 kama zilivyo zote zilizopigwa baada ya mwaka huo, pamoja na kigae cha sahani ya kauri chenye ua la buluu lililofifia ukingoni, na ningependa dada zangu wavivae. Sonara mmoja wa Langoni ashauri riale iyeyushwe, ifuliwe pete ya kushikia kigae. Mwingine, ambaye rai yake yanielea zaidi, ataka ibaki nzima, iwe kidani. Kwa kuwa fedha yake ni takriban asilimia 83, je, yafaa kufuliwa ukingo mwembamba bila kuchanganywa? Na kigae husuguliwaje pembeni bila rangi kubanduka?