Lettow-Vorbeck: ni kweli hakushindwa?

Wakuu, kila ikifika Novemba hakosi mtu wa kumsifia jenerali wa Kijerumani "aliyemaliza Vita vya Kwanza vya Dunia bila kushindwa". Tuijadili hiyo kauli, maana mimi imenikaa kooni.

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mapigano kusitishwa Ulaya, Paul von Lettow-Vorbeck aliwapanga watu wake Abercorn, leo Mbala, Zambia. Akaipigia saluti bendera ya Uingereza, akatoa daftari, akasoma tamko la kuweka silaha kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza. Brigedia Jenerali Edwards akalipokea kwa niaba ya Mfalme George V. Askari Waafrika zaidi ya 1,100 wakalaza bunduki chini, nyingi zikiwa za kuteka kwa Wareno na Waingereza. Wajerumani wenyewe hawakufika hata 200.

Sasa huyu asiyeshindwa alikuwa amebaki na nini? Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani alishalikimbia Novemba 1917, alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Aliporudi 1918 alipita njia tu, akaishia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Jeshi lilikula kwenye maghala ya wakulima. Ugogo nafaka na ng'ombe vilikombwa na majeshi ya pande zote, ikafuata njaa ya Mtunya. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa walikaribia laki moja.

— Mkuu, kijeshi unamwonea. Hakutumwa kulinda kila kijiji. Shabaha yake ilikuwa kuwashikilia Waingereza huku ili wasiongeze nguvu Ulaya. Kasama, huko huko Rhodesia ya Kaskazini, aliiingia tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya Berlin kusaini. Aliweka silaha kwa amri ya mkataba, Edwards hakumkamata.

— Kuwashikilia akina nani? Kufikia 1918 waliokuwa wanamkimbiza wengi wao ni King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na hao Uingereza haikuwapeleka kupigana Ufaransa. Hoja yako ina uzito kwa mwaka 1916, walipokuwepo Wahindi na Makaburu wa Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Uingereza huku. Baada ya hapo naona ni ubishi wa mtu mmoja, wanaolipa ni wanavijiji.

— Mimi hapo kwenye gwaride la Abercorn ningeuliza nani alielekea wapi baadaye. Askari walipelekwa kambini Tabora, na mafua makali ya mwaka ule yakawakuta. Bosi wao Machi 1919 anapokelewa Berlin juu ya farasi kama mshindi. Malimbikizo ya mishahara yao Bunge la Ujerumani Magharibi liliyaidhinisha 1964, mwaka aliofariki yeye, wakati askari wengi walishazikwa zamani.

— Hilo la 1964 ndilo lingetufaa zaidi kuliko sifa za jenerali. Mwenye babu aliyewahi kupokea hizo fedha atujuze: alilipwa wapi, na alithibitishaje kwamba alikuwa askari?