Mjadala: Je, upana wa elementi mtoto uamuliwe na kontena mzazi?

Ndugu wadau, naomba tulijadili suala linalozua ubishi karibu kila mara fomu ya ukurasa wa wavuti inapotengenezwa: je, visanduku vya kuandikia, vitufe na vipengele vingine (elementi) vilivyomo ndani ya kontena, yaani kisanduku kikubwa kinachovibeba, vienee upana wake wote, au kila kimoja kiachiwe upana unaotokana na maudhui yake? Mimi nashikilia kwamba mtoto, yaani kipengele kilicho ndani, amfuate mzazi, yaani kontena lenyewe, kwa sharti moja: kikomo cha upana awekewe mzazi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Wanasema kitufe chenye neno "Hifadhi" kikitandazwa kwenye skrini ya pikseli 1,400 hakifanani tena na kitufe, na kwamba aya iliyoachwa ienee bila mpaka humchosha msomaji, kwa kuwa jicho likifika mwisho wa mstari hupotea likitafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Nakubaliana nao; hata WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, katika kigezo cha 1.4.8, unataka mstari usizidi herufi 80. Ila kosa hapo ni la mzazi aliyeachwa bila kikomo. Kontena likiwekewa upana wa juu wa pikseli 480, kitufe kilekile kitalingana vizuri na visanduku vilivyo juu yake.

Kinachoniuma zaidi ni mazoea ya kuandika width: 100% (upana sawa na wa kontena) kwa kila elementi na kudhani kazi imekwisha. Chukua kontena la pikseli 320, weka ndani yake kisanduku cha maandishi chenye width: 100%, nafasi ya ndani ya pikseli 12 kila upande, na mpaka wa pikseli 1. Kwa kanuni ya msingi ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, asilimia hiyo huhesabu eneo la maudhui tu, kwa hiyo kisanduku kinafikia pikseli 346, na pikseli 26 zinatokeza nje. Kitufe kilicho chini yake hakitokezi, kwa sababu vivinjari huhesabu vitufe kwa border-box, yaani upana unaojumuisha nafasi ya ndani na mpaka, tangu mwanzo. Kingo za viwili hivyo hazilingani, na mtengenezaji anaanza kupunguza namba kwa kubahatisha.

Pikseli hizo 26 si suala la urembo. Kigezo cha 1.4.10 cha WCAG 2.1, toleo la mwaka 2018, kinataka ukurasa usomeke katika upana wa pikseli 320 bila kusogezwa kwenda kando, upana anaoupata mtu mwenye uoni hafifu anapokuza skrini ya pikseli 1,280 hadi asilimia 400. Fomu inapofurika, mtu huyo ndiye anayelazimika kusogeza ukurasa kulia na kushoto ili aijaze.

Napendekeza border-box iwe kanuni ya mradi mzima. Aya na vizuizi vya kawaida viachwe na auto, upana ambao kivinjari hukokotoa chenyewe, ambayo yenyewe huondoa nafasi za ndani na za nje kabla ya kujaza. Visanduku na vitufe havijitandazi kwa auto, kwa hiyo vipangwe ndani ya flex ya safu wima, mpangilio wa CSS unaoweka vipengele kimoja chini ya kingine, ambayo huvitandaza bila kuandika asilimia yoyote.

Wenye mtazamo tofauti, naomba mlete mfano wa fomu ambayo kontena lake lina kikomo, kisha mtuonyeshe ni mtoto yupi anayeharibika kwa kulijaza.