The Undertones bila Feargal Sharkey: bado ni wale wale?

KinandaKibovu: Wakuu, salaam. Nimekutana na video ya The Undertones, bendi ya panki ya Derry, Ireland Kaskazini. Wapigaji ni wale wale nyuso zimezeeka, ila mbele kasimama mtu nisiyemjua. Feargal Sharkey, mwimbaji wao wa zamani, kaenda wapi? Hiyo ni bendi kweli au jina tu linauzwa?

MzeeWaKaseti: Mkuu, huyo ni Paul McLoone, naye ni mtu wa Derry. Aliingia 1999 bendi iliporudi. Sharkey aliondoka 1983, kwa hiyo McLoone ameshika maiki miaka mingi zaidi.

Mimi kwangu bendi ni yule anayetunga. John O'Neill ndiye mtunzi mkuu, na yupo. Mdogo wake Damian kwenye gitaa yupo, Michael Bradley kwenye besi yupo, Billy Doherty kwenye ngoma yupo. Hawa walianza kama marafiki wa mtaani katikati ya miaka ya 70, wakati Derry imejaa wanajeshi kwa machafuko ya kisiasa, na wao wakaimba wasichana na kiangazi! Sikiliza "My Perfect Cousin" ya 1980: binamu anayesifiwa na ukoo mzima, hadi kwenye mpira wa mezani anakushinda. Nani hana binamu wa hivyo?

"Teenage Kicks" waliirekodi Belfast 1978 kwa Good Vibrations, lebo ndogo ya Terri Hooley, mwenye duka la santuri. Mtangazaji John Peel wa BBC Radio 1 akaipiga, ilipoisha akairudia palepale. Baada ya hapo lebo ya Sire ya Marekani ikawasajili.

Bintiwapwani: Mzee, heshima yako, lakini hapo kwa Sharkey unapunja. Ile sauti inayotetemeka kama mtu anayekaribia kulia ndiyo iliyonivuta. Na alipotoka peke yake, "A Good Heart" ikashika namba moja Uingereza 1985. "Teenage Kicks" yenyewe iliishia namba 31.

MzeeWaKaseti: Sipingi, binti yangu. Ila "A Good Heart" kaitunga Maria McKee, nayo haina panki hata chembe. Akina O'Neill nao wakaanzisha That Petrol Emotion, gitaa kali, siasa nje nje. Kila mtu alienda alikokuwa anavutwa, na ukisikiliza albamu yao ya mwisho na Sharkey, The Sin of Pride, utasikia mvutano huo: muziki wa soul mwingi, kasi ya panki imepungua. Haikuuza.

Sharkey siku hizi anapigania mito ya Uingereza isimwagiwe maji taka. Ana maneno makali kuliko alivyokuwa jukwaani.

KinandaKibovu: Shukrani wakuu. Nianzie wapi kwa huyu McLoone?

MzeeWaKaseti: Get What You Need, 2003. Lakini kwanza maliza albamu yao ya kwanza, ya 1979, halafu Hypnotised. Sauti juu, majirani watazoea.

Bintiwapwani: Hypnotised ianze, Mzee. Hapo hatutaelewana.